Siku ya Kula

Ukitaka Gahongayire akununie, msifu kwamba anajua Kiswahili kuliko Wanyarwanda wenzake. Atakujibu kwamba yeye ni Mnyarwanda mzima, na kulelewa Karagwe, Tanzania, hakukumpunguza kitu. Mwanamke huyu hana utulivu. Tangu aje Kigali amehama nyumba hadi jamaa zake wamechoka kubeba magodoro, na hata sasa, huko Kicukiro, ana masanduku ambayo hajayafungua. Akikaa kitini, mguu mmoja unacheza. Kinachomkimbiza ni Kinyarwanda. Anakielewa chote, lakini akikizungumza watu huangaliana, maana sauti yake hupanda pale inapotakiwa kushuka, na muuza duka humwuliza dada umetoka wapi. Basi akipata mtu wa kumjibu kwa Kiswahili, humng'ang'ania huyo huyo.

Ndiyo maana alifurahi Arnaud, mhadhiri anayetafiti uchaguzi, alipompa kazi ya kuhoji watu wa kawaida: kura ina maana gani kwao, na siku yenyewe huwa wanaionaje. Majibu yangeingia katika kitabu chepesi cha kusomwa na kila mtu, si wasomi peke yao. Gahongayire mwenyewe ndiye aliyechagua Gitega, mtaa wa hapo hapo Kigali, kwa kuwa wachuuzi na mafundi wengi wa huko wanazungumza Kiswahili.

Huko alikutana na Nyiraneza, fundi cherehani, ambaye majirani humwita Mama Shami. Kila uchaguzi mama huyu hujitolea kituoni. Hupamba chumba cha kupigia kura kwa vitambaa vyake mwenyewe, kama ukumbi wa harusi, wala halipwi. Siku ya mahojiano alisema, pini zikiwa bado mdomoni: "Mimi iko nangojea siku ya kula. Hata niko mgonjwa, siwezi kukosa." Gahongayire aliandika vilevile alivyosikia, akakimbilia kwa mtu mwingine.

Sasa, Kigali r na l ni ndugu wanaoazimana nguo. Kila mtu analijua hilo, na Gahongayire zaidi, maana huwacheka wengine kwa hilo hilo. Nyani haoni kundule. Arnaud alipoisoma ile sentensi alipiga meza kwa furaha. Akaijengea sura nzima, akaiita "Siku ya Kula", yenye hoja kwamba kwa maskini wa mjini uchaguzi ni sahani, na anayewalisha ndiye wanayemchagua. Jina la mtu hakulitaja. Aliandika tu fundi wa Gitega anayepamba kituo, kana kwamba wako wengi.

Kitabu kilipotoka Gahongayire alimpelekea Mama Shami nakala. Alimkuta na mteja aliyekuwa akimwuliza kwa kicheko kama kituoni huwa wanampa wali au ugali. Mama Shami hakucheka. Mteja alipoondoka, alisema wenzake wa kituo wameanza kunong'ona kwamba anahongwa chakula, na mmoja amependekeza safari ijayo kituo kipambwe na mtu mwingine. Alitaka kujua amemkosea nini Gahongayire hata amfanyie hivyo.

Gahongayire aliifungua nakala kwenye ile sura, akauliza: "Mama Shami, siku ile ulisema kula au kura?"

"Ndiyo. Kula."

"Kula chakula?"

"Chakula gani? Mimi nakuambia kula, na wewe unaniuliza kula ao kula."

Hapo ndipo Gahongayire alipoelewa. Yule mama alikuwa na tamko moja tu kwa maneno mawili. Kwa Kinyarwanda hata mtoto asingekosea: gutora ni kupiga kura, kurya ni kula chakula, na hayafanani hata kidogo. Siku ile Gahongayire angeuliza kwa Kinyarwanda, yangeisha. Hakuuliza kwa sababu aliogopa kuchekwa, na aibu aliyoikimbia yeye akambebesha mwenzake. Alijichukia.

Alikwenda moja kwa moja kwa Arnaud. Arnaud si mtu mbaya, ila ile sura aliipenda mno. Alisema vitabu vimeshachapwa, neno lenyewe ni moja, watalirekebisha toleo lijalo. Tena Jumamosi, kwenye uzinduzi, angesoma sura hiyo hiyo, kwa kuwa inachangamsha watu.

Jumamosi ukumbi wa Kimisagara ulijaa. Gahongayire, aliyepewa kuongoza maswali, alipanga viti vilivyokuwa vimepangwa, akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Mama Shami alikuwa ameketi nyuma, mtandio ameuvuta hadi usoni. Arnaud alisoma. Watu walicheka, na wa Gitega wakaanza kugeuka nyuma kumtazama.

Gahongayire alichukua kipaza sauti kabla hajapewa. Alisema samahani, huyu mama alisema kura. Mtu mmoja akaitikia kwamba ndiyo, kula, na ukumbi ukaangua kicheko. Alirudia, r ikinguruma kama pikipiki inayopanda mlima, kicheko kikazidi. Kiswahili chake chote hakikumsaidia kitu.

Kisha, sauti ikipanda palepale pasipotakiwa, alisema: "Yavuze gutora. Ntiyavuze kurya. Ni jye wabyanditse nabi."

Yaani, alisema kupiga kura, hakusema kula, mimi ndiye niliyeandika vibaya. Kila mtu alielewa, na wakacheka tena, sasa wakimcheka yeye na lafudhi yake. Kicheko hicho alikiogopa miaka yote, na kilimuuma kama alivyodhani. Arnaud aliinamia kitabu chake. Gahongayire akarudia, kwa Kinyarwanda kilekile kibovu, mpaka kicheko kikakatika na hakukuwa na mtu anayetazama nyuma.

Hapo Mama Shami akasimama. Akalitamka gutora polepole, kama mtu anavyomfundisha mwanawe, akasubiri. Na Gahongayire, mbele ya ukumbi mzima, akalifuatisha.