Nilimnyima Mtu Fidia kwa Sababu ya Msaragambo

Kosa ni langu, jamani. Si la bosi, wala si la mfumo, ingawa kwa kawaida mimi napenda sana kuulaumu mfumo.

Chuoni nilifundishwa kuhoji, nami nikahoji kila kitu. Mama yangu aliacha kunisimulia habari za ukoo, maana kila jambo nililiombea ushahidi. Nilipopata kazi ya uafisa utumishi kwenye machimbo ya jasi, huku Makanya, nikajiapiza: hapa hakuna atakayenidanganya!

Jumatatu moja akaingia ofisini Baba Elifuraha, mpakiaji wetu, mtu wa Mamba kule milimani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kanga, umevimba hadi kiwiko. Akasema Jumamosi bonge la jasi lilimwangukia akipakia lori. Msimamizi siku hiyo alikuwa msibani, daftari la mahudhurio halikusainiwa, na dereva alishaondoka na mzigo kwenda Dar.

Bosi aliutazama mkono mara moja tu. "Mjazie fomu ya mfuko wa fidia, apelekwe hospitali."

"Bosi, tusikurupuke," nikasema. Mimi huyo!

Mimi ni Mpare. Nilijua Jumamosi ile kule Mamba kulikuwa na msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji; walikuwa wanazibua mfereji. Kwetu hakosi mtu msaragambo, labda maiti. Nikaunganisha mambo kichwani: mtu wa Mamba, Jumamosi ya mfereji, mkono umepondeka. Jiwe la mfereji hilo!

"Baba, wewe ulikuwa msaragambo," nikamwambia.

"Sikwenda, mwanangu. Nilikuwa hapa. Waulize huko juu."

"Mpare akose msaragambo?" Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka!

Huko juu sikwenda. Mimi ninayedai ushahidi wa kila kitu! Ulikuwa mwendo wa bodaboda tu, lakini barabara ya kupanda Mamba inachosha, na jibu nilikuwa nalo tayari. Nikaandika: "Ajali haikutokea kazini." Bosi akasoma, akakuna kichwa, akasaini. "Haya, wewe ndiye uliyesoma."

Baba Elifuraha akarudi kwake. Bila ile fomu, hakuna aliyelipia upasuaji. Akaungwa ule mfupa na fundi wa mifupa wa kijijini, akakaa hivyo miezi.

Kisha akaja mkaguzi kutoka kwenye mfuko, gari lenyewe jeupe, na kiti cha mbele kakaa Mama Elifuraha. Kumbe yule mama alikuwa amekwenda kulalamika mwenyewe! Akatoa daftari la kitongoji kwenye mkoba, akalibwaga mezani kwangu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, msomi. Hebu tusomee." Palikuwa na jina la mumewe: hakufika msaragambo, ametozwa jogoo. "Kule wametuchukulia jogoo kwa sababu hakwenda. Huku mmemnyima haki yake kwa sababu alikwenda. Sasa mume wangu Jumamosi ile alikuwa wapi, mwenzetu? Mbinguni?"

Hata mkaguzi alificha mdomo.

Halafu akampigia simu dereva, sauti tukiisikia wote. Kabla hajaulizwa lolote kuhusu Jumamosi, dereva akauliza: "Vipi, yule mzee mkono wake umepona? Jiwe lile lilikuwa baya!" Namba hiyo nilikuwa nayo kwenye simu yangu siku zote.

Kampuni ikapigwa faini, kwa kuchelewesha madai na kwa kutoa taarifa ya uongo. Bosi akanitazama kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. "Nimeadhibiwa kwa kukataa kitu nilichokuwa nimeshakubali!" Nilipoachishwa kazi sikuhoji.

Fidia Baba Elifuraha alilipwa, na upasuaji akafanyiwa. Ila daktari alisema mfupa ulishaunga vibaya. Vidole vitatu havitakunjika tena. Na kwao Mamba ni mkulima wa tangawizi huyo, anayeishi kwa jembe!

Nilipanda Mamba kuomba radhi. Barabara ile ile, na wala si ndefu. Nilimkuta anapalilia kwa mkono wa kushoto, mistari imekwenda upogo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Akanikatisha, akaninyooshea ule mkono wa kulia.

"Shika. Uhakikishe."

Niliushika. Vidole vilikuwa vikavu na vigumu kama vijiti, na yeye alikuwa ananitazama tu, bila hata hasira. Afadhali angenitukana!

Nyie mnaokaa mezani na fomu za watu, hasa nyie mlionisoma hapa mkitikisa kichwa kwamba ninyi mna akili zaidi: ukiwa na shaka, nyanyuka ukaulize. Kama uvivu umekushika, jaza fomu, waachie wanaopima wapime. Mfupa ukivunjika haungoji umalize kufikiri. Unaunga wenyewe, hivyo hivyo ulivyopinda.