Mama Loku na Mlezi Wake

Poni alikuwa na watoto wanne na mjukuu mmoja alipopewa mlezi.

Neno lenyewe ndilo lililomchoma kwanza. Katika Nyumba ya Mikono Safi, pale mtaa wa Kator mjini Juba, lilikuwa neno la kila siku. Kila mwanamke maskini aliyekubaliwa kujifunza kazi pale alipewa Mkristo mwenye elimu na ajira, amtembelee nyumbani, aombe naye, amrekebishe, na mwishowe asimame kanisani amsemee ili apate kuajiriwa. Mtu huyo aliitwa mlezi. Lakini Poni alikuwa amekiokota Kiswahili chake kwenye kiwanda cha pamba huko Uganda, miaka ya ukimbizi, na katika Kiswahili hicho mlezi ni mtu wa kumpangusa mtoto kamasi.

"Mimi iko na mlezi?" aliuliza siku ya kwanza, mbele ya wenzake wote. "Mimi nilizaa msituni, nilizika mume. Huyu msichana atanilea namna gani? Atanipa titi?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Natalina, mlezi aliyepewa, hakucheka. Alikuwa hajafika miaka thelathini, amesoma Kampala, anapiga taipu katika ofisi moja ya serikali mpya ya Kusini mwa Sudan, na kola yake ilikuwa imepigwa pasi ikasimama kama karatasi. Alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema, "Poni, hapa tunaanza na adabu."

Alimwita Poni. Hakusema Mama Loku, jina la mwanawe wa kwanza, ambalo hata wauza mkaa walimwitia. Tangu hapo hapakuwa na amani kati yao.

Mchungaji Ezbon, aliyeianzisha nyumba hiyo, alikuwa akifundisha kwamba umaskini huanzia katika tabia. Poni alijua wake ulianzia wapi. Ulianza asubuhi ambayo askari walichoma ghala la mume wake na mtama ukiwa ndani. Baadaye ulivuka naye mpaka, ukakaa naye kambini, ukamzika mume wake huko kwa haraka ndani ya blanketi la msaada, na amani ilipotiwa sahihi ukarudi naye Juba. Hakuona tabia yake ilihusika wapi. Lakini nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja uliofika kwenye mshahara, na yeye alitaka kuupita. Alikuwa amechoka kuuza kwete, ile pombe ya nafaka ambayo watu walirudi nayo kutoka Uganda, na kusubiri walevi wamalize kutukanana ndipo afagie ua. Aliacha kuiuza siku alipojiandikisha, kwa kuwa sheria ya nyumba ilikataza pombe kabisa: kuipika, kuiuza, hata kuionja.

Kila Alhamisi Natalina alikuja kukagua kama ameacha kweli. Aliingia uani bila kupiga hodi ya maana, akafunua vifuniko, akainamisha pua kwenye mitungi kama mtu anayechungulia kisima.

"Huu una nini?"

"Maji."

"Na huu?"

"Maji pia. Ukitaka kuoga, sema."

Darasani ilikuwa vivyo hivyo. Natalina alifundisha namna ya kwenda mbele ya mwajiri: fika mapema, simama wima, usijikune, mtazame bosi machoni.

"Mwanaume?" Poni aliuliza.

"Mwanaume, mwanamke, yeyote. Machoni kabisa."

"Mimi nikitazama mwanaume machoni namna hiyo, kazi nitapata haraka. Lakini si ya jikoni."

Alitolewa nje kwa hilo. Alikaa kwenye kizingiti akisikia wenzake wakirudia kwa pamoja, "Habari za asubuhi, bwana, mimi ni mfanyakazi mwaminifu," na akatema mate mbali.

Hata hivyo alijifunza. Alijua kupiga pasi ya mkaa bila kuacha jivu kwenye nguo, kupanga meza ya wageni, kuoka mkate usiozama katikati. Msimu wa kiangazi ulipofika, nyumba ya wageni ya mainjinia wa barabara ikaomba mpishi mmoja. Mchungaji Ezbon akamtaja Poni. Ilibaki mlezi wake asimame Jumapili amsemee, basi.

Wiki hiyohiyo akaja shemeji yake Laku.

Laku alikuwa mdogo wa marehemu, mtu mwenye sauti kubwa na shamba dogo. Alikuja kumwambia kwamba matanga ya kaka yake yataanuliwa Alhamisi. Mwaka ule kila upande wa mji ulikuwa na ngoma za namna hiyo, kwa sababu watu walikuwa wamerudi kutoka ukimbizini na wafu wao waliozikwa bila kuagwa.

"Ngoja nipate mshahara wa kwanza," Poni alisema. "Mwezi mmoja tu, shemeji."

"Wageni wamekwisha kutoka Rejaf. Nitawaambia warudi?"

"Basi tuanue kwa chai."

"Kwa chai!" Laku alipiga kofi la mshangao. "Wee Mama Loku, unamuaga mtu au unamkaribisha mwalimu? Kaka yangu amelala ugenini miaka yote hii, leo anaitwa nyumbani, tumpe chai? Na maziwa?"

"Nikipika kwete napoteza kazi."

"Usipopika unapoteza sisi."

Aliondoka bila kuaga. Poni alikaa na neno hilo siku nzima. Mume wake alikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kumpiga wala kumnyima, na Poni alikuwa amemwacha katika udongo wa watu bila hata tone la kumwagiwa. Jioni alichukua kwa jirani mtama wa pombe uliokwisha kuoteshwa, akauweka juani kesho yake, akausaga. Hakujificha. Mtu aliyepita njiani aliona moshi na akajua ni moshi wa nini.

Alhamisi Natalina alikuja kama kawaida yake na kukuta ua umejaa. Waimbaji wawili wa kwaya walikuwa kwenye kivuli cha ukuta, vibuyu mikononi. Mzee wa kanisa aliyekuwa akikusanya sadaka alikuwa na chake. Walipomwona waliweka vibuyu nyuma ya miguu yao, wakaanza kuzungumzia mvua.

Natalina hakuwatazama. Alimwona Poni kando ya mtungi, akapaza sauti kutoka langoni, "Poni! Njoo hapa mara moja!"

Sasa, katika Kiarabu cha Juba mara ni mwanamke, na wanaume waliokuwa wamekwisha kunywa hawakuhitaji zaidi ya hapo. "Mara moja?" mmoja aliita. "Dada, hapa iko mara wengi! Chagua unayetaka!" Ua mzima ukalipuka kwa kicheko, na mtu akaongeza kwamba huyu ndiye mlezi, amekuja kunyonyesha.

Labda bila kicheko hicho Natalina angeondoka. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mtungi.

"Mwaga."

"Mwaga weye," Poni alisema. "Kisha mweleze mwenyewe. Ni ya mume wangu."

Natalina aliweka kiatu chake cheupe kwenye ubavu wa mtungi akausukuma. Kwete ikamwagika juu ya majivu, ikapita kati ya miguu ya watu. Kicheko kilikatika. Bibi mmoja wa ukoo alianza kulia kwa sauti ya juu, kilio cha msiba kilekile, kana kwamba mtu amekufa mara ya pili.

Laku alisimama amekunja ngumi. Poni akamzuia kwa mkono. Aliuinua mtungi, akakinga kibuyu chini yake mpaka mabaki yakaisha, akamsogezea Natalina puani.

"Kunywa au toka."

Natalina alitoka.

Jumapili Mchungaji Ezbon alipofikia jambo la mpishi, Natalina alisimama mahali pake akasema maneno machache tu: "Siwezi kumsimamia. Anapika pombe." Akaketi.

Mchungaji alikuwa mtu wa huruma, na nyumba ya wageni ilikuwa imekwisha kuahidiwa mpishi. Alimwita Poni mbele kwa upole. "Mama, ni neno dogo. Waambie ndugu zako kwamba umeacha."

Angeweza kulisema. Wanawake wenzake walikuwa wakimtikisia vichwa aseme, sema tu, nani atakuuliza tena. Wale waimbaji wawili walikuwa wakisoma kitabu cha nyimbo ambacho hakikuwa wazi.

"Nimeacha kuuza," Poni alisema. "Kuzika sijaacha."

Mchungaji alifuta paji la uso. Akasema basi, wiki ijayo atataja mtu mwingine, isipokuwa apatikane mtu wa kumsemea.

Poni hakwenda kumwomba mtu. Kesho yake asubuhi alikunja mikeka, akawachukua watoto na mjukuu, akaenda kwa Laku, akatandika katikati ya ua.

"Ni nini hii?" Laku aliuliza.

"Nimekuja kula."

"Kula nini?"

"Chochote. Matanga yamekwisha, si wewe ulisema lazima yaishe? Mjane aliyeanuliwa matanga ni wa nani?"

Desturi ilikuwa wazi kuliko jua: marehemu akishaagwa, mjane na watoto wako mikononi mwa ndugu wa mume. Laku mwenyewe alikuwa amelitangaza hilo mbele ya wageni wa Rejaf, amesimama, kibuyu mkononi, kwa sauti ile yake.

Walikula. Walikula asubuhi na wakala jioni, na vijana wa Poni walikuwa katika umri ambao sufuria haiwashindi. Mke wa Laku alianza kwa kunyamaza, akaendelea kwa kugonga masufuria, na kufikia katikati ya wiki alikuwa akisema na kuku kwa sauti ili watu wasikie. "Kuleni, kuleni, hata nyinyi mlikuwa kwenye matanga." Poni alimsaidia kuosha vyombo, akamwambia chakula chake hakina chumvi.

Ijumaa Laku alikwenda ofisini kwa Natalina. Alimkuta kwenye mashine ya taipu, na hakukaribishwa kiti.

"Dada, yule mwanamke mpe kazi yake."

"Alipika pombe."

"Nilimwamuru mimi. Alikataa, alitaka chai. Mimi ndiye nilisema hapana."

"Kwa nini hukusema Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa sijala naye wiki nzima."

Natalina alirudisha kigari cha taipu kwa kishindo. "Mimi sisemi ofisini mambo ya kanisa. Kama una neno, lisemee kule. Mbele ya watu walewale."

"Nitasema," Laku alisema. "Na nitasema nani alikunywa."

"Sema."

Alisema kweli. Jumapili alisimama kabla ya sala kuisha, mtu ambaye hakuonekana kanisani tangu Krismasi, akasema kwamba pombe ilikuwa ya kaka yake na kosa ni lake, na kama kuna wa kufukuzwa basi waanze na kwaya. Akawataja wale wawili. Akamtaja mzee wa sadaka, akasema alikunywa vibuyu viwili na kuomba cha tatu cha njiani. Kanisa likafanya kelele kama soko la Konyo Konyo. Mzee wa sadaka alisema alidhani ni uji. Mchungaji Ezbon alipiga meza akitaka utulivu, akamgeukia Natalina kama mtu anayetafuta pa kushika.

"Mlezi ni wewe. Unasemaje?"

Natalina alisimama. Alikuwa na haki ya kukaa kimya, na watu wote walikuwa wameona jinsi alivyochekwa uani pale.

"Ana mdomo mbaya," alisema. "Hanisikilizi. Hamheshimu mtu. Lakini nimekagua nyumba yake kila wiki, na sijawahi kukuta pombe ya kuuza. Jikoni hakuna anayemzidi. Namsimamia." Akaongeza, akitazama sakafu, "Ule mtungi ulikuwa wa msiba. Sikupaswa kuutia mguu."

Nje, watu wakiwa bado wanabishana, alimfuata Poni.

"Usifikiri nakupenda."

"Nilikuomba kunipenda?"

"Sikupendi, na Alhamisi nitakuja."

"Njoo. Mimi pia sikupendi. Lakini ukifika langoni kwangu utaita Mama Loku, ama utasimama hapo mpaka jua lizame."

"Mama Loku," Natalina alisema, kwa shida, kama mtu anayemeza mfupa wa samaki. "Kesho ufike mapema. Na usijikune."

Sheria ya nyumba ilitaka mlezi amfikishe mtu wake kazini siku ya kwanza. Walikwenda hivyo, Natalina mbele na viatu vyake vyeupe, Poni nyuma na aproni kwapani. Kwenye mlango wa nyumba ya mainjinia kila mmoja alisimama akimngojea mwenzake abishe. Walisimama pale muda wa kutosha kumfanya mlinzi aulize kama wamepotea.

Poni akabisha.