Pengo Alilolijaza Prezida

Prezida wa kwanza niliyemjua maishani hakuwa na jeshi wala bendera. Alikuwa na kabati la vitabu na ufunguo wake, gramafoni, na kalamu ya wino iliyochomekwa mfukoni mwa shati. Hapo ni Baraka, miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali juu yetu, naye alikuwa prezida wa serkle, yaani chama cha Wakongo waliosoma: makarani, walimu wa shule tuliowaita mamonita, na muuguzi mmoja. Baadaye nimeona maprezida wakubwa kuliko yeye, na nimesikia watu wakishangaa jinsi wanavyowalisha waimbaji siku ya kusifiwa na kuwafunga siku ya kuulizwa. Mimi sishangai. Niliyaona yote kwenye baraza ile ya Baraka, na hasira yake haijanitoka.

Mimi sikuwa wa chama. Shule niliiacha mwaka wa tatu, kwa kuwa nilitaka kujua malori ya pamba yanakwenda wapi, nikadandia moja. Tangu siku hiyo nimebeba marobota ya pamba, nimeziba nyufa za mitumbwi, nimechunga ng'ombe wa watu wa milimani mpaka wakachoka na maswali yangu. Kila nilipofika niliuliza, na kila nilipojibiwa niliondoka. Lakini kusoma nilijua, na niliposikia kwamba Baraka kuna kabati la vitabu, nilikwenda kulitazama kama watu wengine wanavyokwenda kutazama gari jipya.

Kabati lilikuwa na kioo. Nyuma ya kioo kulikuwa na kitabu kikubwa cha ramani, na pembeni ya jalada lake ilichorwa dunia yenye rangi ya bluu. Niliomba nikiguse.

"Ile iko ya banamemba," prezida akasema. "Weye soma gazeti."

Gazeti lenyewe lilitoka mji mkubwa kwa boti, na sisi wa nje tulilisoma tukiwa tumesimama barazani, baada ya wanachama kulimaliza, likiwa na wiki mbili na mafuta ya vidole vya watu wanane. Prezida ndiye aliyekuwa akiliandikia habari za Fizi. Kwa habari zake ungedhani huku hakufi mtu wala hakuumwi mtu. Pamba ilikuwa inastawi, wenyeji walikuwa wanashukuru, mvua ilikuwa inanyesha vizuri. Mwaka ule wa mvua nzuri nilikula mizizi ya porini.

Siku moja aliniita ndani. Alinipa hata kiti.

"Weye mutu ya kutembea, unakulaka kwa nani sasa?"

"Kwa shemeki yangu, Lweba."

"Bamama ba Lweba banaimba muzuri. Gazeti inatafuta wimbo ya wenyeji. Uniletee moya, lakini ya kweli, si ile ya kanisa. Utatoka hapa na kitabu ya ramani mwezi muzima."

Shemeki niliyemtaja alikuwa mjane. Mume wake alikuwa rafiki yangu mkubwa, nikimwita yaya, yaani kaka mkubwa, na kwa hiyo yeye aliniita shemeki ingawa hatukuwa damu. Yaya alichukuliwa pamoja na wanaume wengine wa Lweba kwenda kupasua mawe kwenye barabara inayopanda kutoka Baraka kwenda Fizi. Walikwenda kwa zamu, na zamu yake ilikuwa imekwisha. Kapita, msimamizi wao, akawaambia waongeze siku mbili, kwa sababu Bwana Mkubwa wa teritwari, yule Mbelgiji aliyetawala wilaya akikaa Fizi, alitaka kupita na gari. Siku ya pili jiwe likaserereka, likamkuta chini.

Katika koo chache za ziwani kwetu, wa yaya ukiwa mmojawapo, kulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine, na nimetembea. Mjane mwenyewe ndiye hutunga wimbo wa mume wake. Huutunga polepole, miezi mingi, na huwafundisha wanawake wenzake wakiwa kazini. Lakini jina la marehemu halitamkwi. Mahali pa jina huachwa pengo: wanafunga midomo, wanapiga kiganja kimoja juu ya paja, kisha wanaendelea. Siku ya kuvunja matanga, asubuhi, mbele ya ukoo wote, mjane hulitamka jina mahali pake kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Hapo marehemu amefika alikokwenda. Mjane hunyolewa, huoga ziwani, na huwa huru kwenda anapotaka. Kabla ya hapo haendi popote, hata kwa wazazi wake.

Shemeki alikuwa na mahali pa kwenda. Mama yake mzazi alikuwa Makobola, macho yamekufa, akiishi na jirani aliyechoka naye. Kila aliyepita kutoka kaskazini aliletwa uani aulizwe: mama anakula? Mama anavaa nini? Matanga yalipangwa kuvunjwa baada ya kuchuma pamba, na yeye alikuwa akiutengeneza ule wimbo kama mtu anayechonga mtumbwi wa kumvusha mwenyewe.

Nilikaa nao uani wakimenya mihogo, karatasi juu ya goti.

"Uko naandika nini, shemeki?"

"Niko nazoeza mukono tu."

"Mukono yako inazoea sana leo," akasema, na wenzake wakacheka.

Hilo nalibeba mwenyewe, simtwishi prezida. Ningeweza kumwambia.

Wimbo ulikuwa wa Kibembe. Kwa Kiswahili maneno yake yalikuwa karibu hivi: barabara inapanda Fizi, imelala juu ya mikono yako, kila gari likipita linapita juu yako, hapo pengo, kiganja juu ya paja, mawe yanakujua kuliko sisi, rudi utuambie nani alikutuma kule. Mahali pa pengo mimi nilichora kistari kirefu. Sikuona namna nyingine. Ungeandika jina ungemrudisha marehemu njiani, na hakuna mtu wa kwetu angeweza kulifanya hilo, hata mtoro wa shule kama mimi.

Prezida alisoma karatasi mara mbili, akanitaka nimwimbie. Akaweka kidole kwenye kistari.

"Na hapa?"

"Pale banapaacha."

Aliitikia kwa kichwa, akafungua kabati. Kitabu kilikuwa kizito kuliko nilivyofikiri. Nikaondoka nacho haraka, maana nilitaka kuona mto wetu unamwagika wapi.

Gazeti lilirudi na boti baada ya majuma. Nililisoma nimesimama kama kawaida. Wimbo ulikuwa katikati ya ukurasa, ndani ya fremu ya maua, na chini yake jina la prezida kama mtunzi. Mstari wa mwisho, ule wa kuuliza nani alikutuma, haukuwepo. Na penye kistari changu, kwa herufi kubwa, lilikuwa jina la Bwana Mkubwa wa Fizi.

Nililisoma tena. Hakubadilisha kitu kingine. Maombolezo ya mtu aliyekufa kwa kupasua mawe yalikuwa yamegeuka sifa za yule ambaye mawe yalipasuliwa kwa ajili yake. Kazi ya kuyageuza ilikuwa ndogo: kukata mstari mmoja na kuandika jina moja. Mpaka leo nikisikia sifa nzuri sana zikiimbwa kwa mkubwa, hujiuliza pale pa jina palikuwa nani kwanza.

Ningepaswa kukimbilia Lweba siku ile ile kuwaambia. Badala yake nilijiambia kwamba bamama hawasomi magazeti. Ni kweli, hawakusoma. Wimbo ukawafuata.

Bwana Mkubwa alishuka Baraka kukagua pamba, na prezida alikuwa amewapa mamonita karatasi. Watoto wa shule walipangwa kwa mistari, wamepakwa mafuta. Wanawake wa Lweba walikuwa sokoni na vikapu vya ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kapita akawasukuma wote waje wapige makofi. Watoto wakaanza. Sauti ilikuwa ile ile, maana nilikuwa nimemwimbia prezida mwenyewe, na yeye ana sikio zuri. Nikawaona bamama wakitazamana. Barabara inapanda Fizi. Wengine wakaanza kufuata kwa midomo, bila kujua. Wakafika penye pengo, viganja vikainuka kuelekea mapajani, na watoto sitini wakatamka jina la Bwana Mkubwa.

Wanawake wakatua vikapu. Wakaketi chini vumbini, miguu wameinyoosha mbele, mikono kichwani, kama inavyotakiwa jina likishatamkwa. Mmoja, mzee kidogo, akamwuliza mwenzake kwa sauti ya kawaida:

"Bwana Mukubwa amekufa?"

"Si ule anasimama pale na kofia."

"Sasa banamuzika angali anasimama?"

"Labda bazungu banafanyaka hivyo."

Bwana Mkubwa akauliza kwa nini wameketi. Kifaransa changu kilikuwa cha kuokota malorini, lakini kilitosha: prezida alimwambia ni furaha, na kwamba hivyo ndivyo wenyeji wanavyomheshimu chifu. Mbelgiji akagusa kofia yake kuwasalimu. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka hapo, na sikufungua mdomo.

Jioni habari ilikuwa Lweba. Kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa mkuu wa matanga, alimwita mjane na mimi. Hakupandisha sauti.

"Ule wimbo umeisha kuzika mutu," akamwambia. "Batu babili habazikwe mu kaburi moya. Utakaa."

"Nitakaa mupaka lini, yaya?"

"Mupaka mwenye kuweka ile jina aitoe. Akuje hapa, aseme mbele ya batu: wimbo haikukuwa yangu. Ao utunge ingine."

Shemeki akanigeukia. Alikuwa ameshaelewa mkono wangu ulikuwa ukizoea nini.

"Mama yangu anangoja," akasema.

Nilikwenda Baraka asubuhi na kitabu cha ramani chini ya kwapa. Nilimkuta prezida barazani akisikiliza gramafoni. Nilimweleza yote: mjane, mama kipofu wa Makobola, na kwamba inatosha kuja nusu siku, aseme maneno matatu, arudi.

"Weye unataka niende kuambia batu kama Bwana Mukubwa alililiwa matanga?"

"Nataka useme wimbo ni ya mwanamuke."

"Gazeti haisemake mara mbili."

"Basi uandike wewe. Ni wewe gazeti."

Akacheka kidogo. Akaniambia nyimbo hizi zilikuwa zinapotea vijijini, zinaimbwa na watu wasiojua thamani yake, na yeye ameokoa mmoja na kuupa nguo ya kutokea mbele za watu. Akasema utamaduni lazima uendelee, hauwezi kukaa chini ukilia mume wake.

Nilimwuliza jambo lililonisumbua njia nzima. Alikuwa mzaliwa wa Nundu, mtoto wa wavuvi kama sisi. "Ulijua kile kistari ni nini?"

"Bibi yangu aliimbaka hivyo," akajibu. "Aliishaka miaka mbili ndani ya nyumba. Ni ushenzi."

Alijua. Ndiyo maana nasema hasira yangu haijatoka. Mjinga ningemsamehe, mimi mwenyewe nilikuwa mjinga. Lakini huyu aliona kaburi liko wazi, akajua ni la nani, akampangisha mtu mwingine ili apate kusalimiwa kwa jina siku ya sherehe. Na kama aliona desturi ni ushenzi uliomfungia bibi yake miaka miwili, mbona kwa mkono wake mwenyewe alimfungia mlango mwanamke wa watu?

Nikaweka kitabu mezani. Akakifungua, akapitisha ukurasa mmoja mmoja.

"Umechafua Afrika," akasema. Kulikuwa na alama ya kidole changu penye ziwa letu. Hilo ndilo lililomkasirisha.

Siku ya tatu polisi mmoja alifika Lweba na ujumbe kwamba wimbo wa barabara sasa ni wimbo wa Leta, yaani wa serikali, na atakayeuimba kwa jina jingine atakuwa amemtukana Bwana Mkubwa, ataonja fimbo. Aliyasema akitazama miguu yake. Alikuwa kijana wa pale pale, na yaya alikuwa amemfundisha kutega nyavu. Mmoja wa bamama alimpa maji, akanywa, akaondoka.

Pamba ikachumwa, matanga hayakuvunjwa. Ikapandwa tena. Shemeki akaanza wimbo mwingine, na mara hii uani hakukuwa na nafasi yangu. Hawakunifukuza. Nilipokaribia walinyamaza tu, wakamenya mihogo kwa bidii, mpaka nilipoelewa na kuhamia kwa wavuvi. Wasafiri wa kaskazini waliendelea kuletwa uani. Mama alikuwa bado hai, walisema. Jirani alikuwa amehamishia mkeka wake jikoni.

Mwaka mzima ulipita. Asubuhi ya kuvunja matanga, kaka wa marehemu alinitumia neno kwamba nikae ng'ambo ya kijito. Nikakaa. Kutoka pale unaona moshi na vichwa vya watu, husikii neno. Niliona tu wakati wote waliposhuka kuketi chini kwa pamoja, nikajua jina limetamkwa.

Kabla ya jua kuwa kali alivuka kijito, kichwa kimenyolewa, bado kina maji ya ziwa, mzigo juu yake, akishika barabara ya Nundu kwenda Makobola. Nikasimama.

"Nikubebee, shemeki?"

"Mikono yako uiache pale pale," akasema. Hakusema kwa ukali. Akatazama kama nimeshika karatasi, akaona sikushika, akapita.

Wimbo wake wa pili siujui. Nimewauliza watu wawili waliokuwepo, nao wakanitazama tu. Kwa hiyo hauko humu, na prezida yeyote atakayesoma haya hatakuta penye kuandika jina lake.