Sanamu ya baba imepakwa bluu

Jamani, leo nimetamani kulia mbele za watu, nikaishia kusema asante.

Marehemu baba yangu, Mwarabu mwenye duka hapa Kisarawe, alikuwa mchongaji. Enzi za ujamaa aliwachongea watu wa kijiji cha Mzenga sanamu ya mwanamke mkulima. Mwili wa mti wa mninga, mikono ya shaba. Hakuipaka chochote, alitaka alama za patasi yake zionekane.

Wiki iliyopita nikapiga simu ofisi ya kijiji, nikawaambia nakuja kuiona.

Kosa langu ndilo hilo.

Nafika leo, naikuta inang'aa. Wameipaka rangi ya mafuta ya bluu, ileile ya madirisha ya ofisi. Mpaka mikono.

Napapasa kutafuta alama za patasi ya baba, vidole vinanata. Rangi bado mbichi.

"Tuliona aibu mgeni aikute imechakaa," mwenyekiti wa kijiji ananiambia, uso umejaa furaha.

Hebu niambieni, ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Nimekunywa soda yao, nikaaga. Mwenyekiti kanifungashia mihogo, korosho, na kopo la rangi iliyobaki.

"Ukazipake na zile sanamu alizoziacha mzee nyumbani."