Sista Godelieva na Tonge la Kijivu

Sista Godelieva ndiye aliyewaokea mikate masista wa mji wa Gent, na mkate wake ulikuwa mwepesi hivi kwamba mlango ukisahauliwa wazi, ulitoka wenyewe kwenda kuwaamkia njiwa wa kanisani.

Kioo kilikuwa marufuku kwa masista wale. Miaka thelathini na moja Godelieva hakuuona uso wake, ila ulivyopindapinda kwenye tumbo la birika la shaba. Basi mzee Lieven, fundi aliyekuja kuzitengeneza picha za kanisani, alipomchora kwa penseli akikanda unga, kisha akampa karatasi aitazame, sista aliketi pu! juu ya gunia.

"We mzee, mama yangu umemjulia wapi?"

"Mama yako yupi? Huyo ni wewe, Sista!"

Mama yake, Pelagie, alikuwa kaburini siku nyingi, na sura yake ilikwisha kumtoka Godelieva kichwani kama ndoto kunapopambazuka. Leo amerudi, na macho yaleyale ya mtu anayebana kicheko. Akamficha nyuma ya pipa la unga. Kila alfajiri walinong'ona, unga ukielea hewani na kutua taratibu kama theluji iliyopotea njia, na karatasi, hakika, ikipumua.

Mama Mkuu Amelberga akainusa siri kama paka na samaki.

"Kumbe unajiabudu, Sista! Kabla ya sala ya jioni uwe umeifuta."

"Si mimi, Mama Mkuu. Ni mama yangu."

"Na mimi ni malkia! Futa."

"Nitaifuta na nini?"

"Na mkate, kama wachoraji wanavyofuta penseli. Au leo umekuishia?"

Godelieva akanyofoa kiini cha mkate, akaanza na kilemba, akashuka kidevuni. Karatasi ikazidi kuwa nyeupe, mkate ukazidi kuwa mweusi. Macho akayaweka mwisho.

"Usinitazame hivyo, mama, utanichekesha."

Akayafuta. Kiganjani likabaki tonge la kijivu, lina joto kama kifaranga. Akalitia kinywani.

"Sista!" Mama Mkuu alikuwa mlangoni. "Unakula, na leo Ijumaa ya mfungo?"

Godelieva akatafuna polepole, akameza.

"Ulisema nimtoe kwenye karatasi, Mama Mkuu. Hukusema nimpeleke wapi."

Akapewa toba: siku kumi za maji matupu, amefungiwa chumbani. Siku ya kumi na moja alitoka amenawiri, mashavu tele, kama mtu aliyekuwa kwa mama yake.