Uso wa Mgema Kwenye Filamu ya Vita

Kanze Chirau amewapikia chai wakubwa wa ofisi moja mjini Mombasa kwa miaka ishirini na minane, na muda wote huo hajaulizwa maoni yake ila kuhusu sukari. Siku ofisi ilipoonyesha filamu kuukuu ya wakati wa Vita vya Pili, alifika na birika mbili na haja moja.

Filamu ilihusu vibarua waliojaza bahari kwa vikapu vya mawe kule Kibarani. Babu yake Kanze, Mung'aro, mgema wa Kaloleni, alichukuliwa kwenda kufanya kazi hiyo, asirudi. Picha hakuacha. Mwanawe, ambaye ndiye baba yake Kanze, aliachwa angali tumboni. Sasa ni mzee wa miaka themanini na mitatu, na asubuhi hiyo alimwagiza bintiye jambo moja.

"Nitazamie uso wake. Utamjua kwa kotama kiunoni. Mamangu akisema kisu hicho cha kugemea hakukivua hata siku ya harusi."

Taa zikazimwa. Dakika kumi nzima mhandisi wa Kizungu alivuta kiko na kunyooshea bahari kidole, kazi iliyoelekea kumchosha sana. Kisha wakaja vibarua, migongo mitupu. "Wanaifurahia kazi," sauti ya filamu ikatangaza. Na huyo hapo, kotama kiunoni, anatua kikapu, anageuka.

Mlango ukafunguliwa. Mgeni rasmi, amechelewa saa mbili. Ukumbi mzima ukasimama, na Kanze naye, kwa mazoea, akainamia vikombe. Alipoinua macho, mhandisi alikuwa amerudi na kiko chake. Kanze alijichukia.

Filamu ikasimamishwa, mgeni akahutubia nusu saa juu ya wanyonge tuliowasahau. Alisita mara moja tu, kuuliza, "Jamani, chai iko wapi?"

"Chai ipo," Kanze akajibu kutoka nyuma, amezikumbatia birika. "Dancan, mwanangu, rudisha filamu nyuma. Babu yangu kwanza, chai baadaye."

Dancan wa mitambo akamtazama mgeni. Mgeni akayatazama mahamri, akaketi.

Mung'aro akageuka tena. Alikuwa amekunja uso, mdomo kaupinda upande, vilevile afanyavyo baba yake Kanze akiletewa chai isiyo na sukari.

"Wanaifurahia kazi," sauti ikarudia.

"Mwongo mkubwa we!" Kanze akaiambia, huku analia na kucheka, akaanza kumimina chai.