Vidole vilikatikia Kibiti, mkataba uko Unguja

Wenye kujua sheria nisaidieni, maana mimi leo nimechoka.

Kaka yangu alikatwa vidole vitatu na msumeno kwenye kiwanda cha mbao hapa Kibiti. Bosi alimwajiri Unguja.

Tulianza kwenda ofisi ya kazi ya huko Unguja, kudai fidia. Wakasema ajali ni ya Bara, rudini kwenu.

Leo tumekwenda ofisi ya kazi ya hapa, na bosi kaitwa.

Afisa, mpole kweli, akasema: "Poleni, ndugu zangu. Mkataba ni wa Unguja, na sheria ya kule ni nyingine. Nendeni kule."

Jamani, mimi nikaishia kusema ahsante!

Bosi akasema, "Mimi nipo tayari. Niambieni tu nilipe kwa sheria ipi."

Kaka, kwa adabu zake, akampa mkono wa kuagana. Ule ule uliokatwa vidole.

Bosi akampungia.